Mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi) imegoma kuchemka Njombe baridi hii, naipashaje joto?

mama_wa_kibosho
Wakuu shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Mi ni Mchaga wa Kibosho tumehamia Njombe kikazi mwaka jana, sasa binti yetu anapata kipaimara jumapili ya wiki ijayo na baba mkwe anakuja, mzee wa miaka 78, ameshatangaza kwenye simu kwamba anataka kuonja mbege ya mkamwana wake. Nikasema ngoja nitengeneze ya majaribio kwanza nisije nikaaibika mbele ya wageni.

Ndizi nimepata sokoni, zimechukua siku tisa kuiva maana hapa hata ndizi zinasikia baridi. Nikachemsha mpaka zikageuka nyekundu vizuri, nikaiacha hiyo nyalu, yaani ndizi zilizochemshwa, siku tatu. Mso, unga wa kimea cha ulezi, nililetewa na basi kutoka nyumbani, na msesewa pia, yale magome ya kutia uchungu. Juzi jioni nikapika uji wa mso nikauacha upoe usiku kucha kwenye jiko la nje kama anavyofanya mama, asubuhi nikachuja nyalu nikachanganya nikafunika. Nyumbani kesho yake unakuta povu limepanda na harufu imejaa nyumba nzima. Hapa leo siku ya pili imetulia tuli, ukionja ni tamu tupu kama juisi ya mtoto, kuna povu kidogo tu limeganda pembeni ya ndoo. Nikachukua kile kipimajoto cha kupimia maji ya kuogeshea mtoto nikakitumbukiza, nyuzi 14!!

Kwenye ndoo kuna mbege kama lita 15. Nimewaza usiku niweke jiko la mkaa stoo nifunge mlango na dirisha joto lisitoke, stoo imepakana na chumba cha watoto. Au kuna njia nyingine? Naombeni msaada jamani, ndizi zenyewe huku bei si mchezo.

nesi_wa_zamu
Dada yangu kabla hujasoma jibu la mtu mwingine yeyote, hilo jiko la mkaa usiliingize ndani. Nakuomba sana. Mkaa ukiwaka mahali pamefungwa unatoa hewa haina rangi haina harufu, inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ingekaa, mtu anasikia kichwa kizito anadhani ni usingizi, analala ndo imetoka hiyo. Na inapenya chini ya mlango, juu ya dari, kila mahali, kwa hiyo kusema ni stoo tu haisaidii wakati watoto wapo ukuta wa pili. Kila mwaka Juni na Julai tunapokea watu hivi. Kuna familia ililetwa alfajiri, watoto wawili tuliwawahi, mama yao hatukumuwahi, na jiko lilikuwa dogo tu la kuchemshia chai. Pombe itaiva kwa njia nyingine, wasikilize wanaojua.

mbena_wa_uwemba
Kamwene dada, karibu Njombe. Nesi amesema kweli tupu, huku hilo ni janga la kila baridi.

Sasa mi nimekua nikimsaidia bibi kupika komoni, pombe yetu ya kienyeji, kule Uwemba na nakwambia tatizo lako limeanzia kwenye uji. Mama yako Kibosho anaacha uji upoe usiku kucha na asubuhi bado una uvuguvugu, hapa tupo karibu mita 2,000 juu, uji ukilala nje mwezi wa saba unaamka umekuwa kama maji ya mtungi. Umechanganya baridi kwa baridi, chachu zimelala. Piga hesabu: nyalu lita 10 ya nyuzi 14, ukiweka uji lita 10 wa nyuzi 40 unapata nyuzi 27 pale pale, bila moto wowote. Bibi hakuwa na kipimajoto, alikuwa anachovya kidole kwenye uji, kama unaweza kukiacha ndani unahesabu mpaka kumi bila kukunja uso basi uko tayari. Ukikunja uso subiri, maana uji wa moto sana unaua chachu na hapo hata ungeifunika na mablanketi kumi haifufuki.

Hiyo uliyonayo haijaharibika, usimwage! Pika uji mwepesi wa mso lita 5, acha ufike nyuzi 45 hivi, mimina taratibu huku unakoroga. Lita 15 za nyuzi 14 na hizo 5 zinakupeleka karibu 22. Halafu nenda kwenye viwanda vya mbao, hapa mjini havikosekani, omba gunia mbili za maranda, mara nyingi wanakupa bure. Chukua boksi kubwa au pipa, tandika maranda chini kiganja kizima, weka ndoo katikati, jaza pembeni mpaka shingoni, juu blanketi. Pombe ikishaanza kuchemka inatoa joto lake yenyewe, kazi ya maranda ni kulizuia lisikimbie. Bibi alikuwa anatumia majani makavu na kuegesha chungu karibu na figa, ni kitu kile kile.

mpishi_bergen
Niko Norway, natengeneza bia za nyumbani mwaka wa sita sasa, baridi ya huku ndo usiseme kwa hiyo naelewa machungu yako dada. Naongezea moja: beseni. Simamisha ndoo ndani ya beseni kubwa, jaza maji ya uvuguvugu mpaka nusu ya ndoo. Maji hayapoi haraka kama hewa, kwa hiyo hata usiku ukiingia pombe haishtuki. Mi huwa naweka ile hita ndogo ya akwariamu ndani ya maji, sio ndani ya pombe, inashika nyuzi ninazotaka. Kama huna, chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji ya moto ukizibadilisha asubuhi na jioni zinatosha.

Ila usifuate nyuzi zangu. Bia za kawaida nachachusha kwenye 18 mpaka 22, zikizidi hapo zinaniletea ladha kali na kichwa kuuma. Na kuna chachu ya zamani ya wakulima wa huku inaitwa kveik, wazee wa Voss wanaiweka pombe ikiwa na nyuzi kama 39 na wanaifunika nguo nzito kama bibi yake mbena. Kwa mbege yako mi ningelenga 25 mpaka 30, ikizidi sana vile vijidudu vya uchachu vinapiga mbio na mzee atakunywa siki. Na usikaze mfuniko, gesi lazima itoke, ndoo inaweza kupasuka.

mama_wa_kibosho
Jamani nimerudi. Nesi Mungu akubariki, jiko limebaki nje na mume wangu nimemsomea ujumbe wako mara mbili. Jana jioni nimefanya kama mbena alivyosema, uji lita 5, kidole nikahesabu mpaka kumi (kipimajoto kilisema 44!), maranda nimepewa gunia tatu bure kabisa, chupa mbili za maji ya moto nikazifukia ubavuni, mfuniko nimeuegesha tu na kitambaa juu. Saa 10 alfajiri nimeamka sina usingizi nikaweka sikio kwenye ndoo, nikasikia ssss kama mvua inakuja kwa mbali. Nimekaa pale chini na khanga yangu nasikiliza tu. Asubuhi nyuzi 27, povu limeinua kitambaa, utamu umepungua, imeanza kushika ulimi.

Ya mzee nachanganya ijumaa jioni basi, jumapili iwe imekaa sawa?

mbena_wa_uwemba
Nyumbani ungechanganya jumamosi, kwa baridi hii ijumaa jioni ni sawa kabisa. Na hiyo ya majaribio mkimaliza usioshe ndoo yote, bakiza kikombe cha zile mashapo za chini, weka karibu na jiko kisipoe, ijumaa kimimine kwenye mpya. Itawahi.