Hivi mtu mmoja anaweza kuziba Ziwa Ngozi zima?? Nina hasira hapa nilipo

Wakuu naandika matope bado yako magotini, tumeshushwa Uyole hapa Mbeya sasa hivi. Yule jamaa wa safari za wikiendi, simtaji, mnamjua, yule wa kofia ya chui na kipaza sauti, kila Alhamisi anapost "zimebaki nafasi mbili tu" kumbe koasta nzima iko wazi. Leo kanidhalilisha.

Nimelipa 75,000 taslimu. Tumefika Isongole gari ikagoma kuingia njia ya udongo sababu ya mvua, tukaanza kutembea, halafu ndo unakuja msitu wenyewe sasa, utelezi, mizizi, migomba pori, mbega wako juu ya miti wanatuchungulia kama tunadaiwa. Pale mwishoni unapanda kwa mikono. Nimefika juu ukingoni marehemu mtarajiwa, nimeshika mti nivute pumzi, ndo naskia kwa kipaza sauti, KWA KIPAZA SAUTI, watu 20 wanageuka: "Kaka mkubwa, sogea kidogo, unatuzibia ziwa."

Unatuzibia ziwa!! Ziwa lina urefu wa kilometa mbili na nusu wakuu. Upana kilometa moja na ushee. Liko chini huko kwenye shimo la volkano unaliangalia kama uko kwenye ndege. Watu wanasema lina umbo la ramani ya Afrika, kwa hiyo mimi nimeziba kuanzia Tunis mpaka Cape Town sio?

Na kabla ya hapo ukungu ulifunika kila kitu nusu saa nzima, hakuna aliyeuambia ukungu sogea. Mimi dakika moja tu, kaka mkubwa. Na alivyosema "kidogo" vile, yaani hata yeye anajua kidogo haitoshi. Kuna binti alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Unatuzibia ziwa. Siendi tena popote.

Fundi Rejeta: Uzi bila picha hatuwezi kuhukumu. Weka picha tuone kama ziwa linaonekana.

Chai Maharage: Nacheka kama mazuri 😂😂 mkuu una kilo ngapi lakini, kuwa mkweli

Mtoa mada: Kilo zangu zinahusiana nini na kipaza sauti?

Mama Kijiko: Pole mwaya. Huyo huyo mimi alinichangisha hela ya chakula cha mchana, tumefika juu katoa ndizi mbivu na maji ya chupa, eti mlimani watu hawali sana. Nani kasema hawali? Mimi nilikuwa naweza kula hao mbega.

Kijana wa Tukuyu: Nyie watu wa mjini mnalipa 75,000 kwenda Ngozi?? Panda gari ya Tukuyu, shuka Isongole, chukua boda, lipa kiingilio na kijana wa kukuongoza, chenji inabaki unapitia Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili.

Fundi Rejeta: Boda wa pale usiniambie. Alinishusha katikati ya njia akasema pikipiki imechoka. Pikipiki!

Mzee wa Busara: Wazee wanasema Wajerumani walitupa mali zao mle ziwani. Labda jamaa alikuwa anazitafuta kwa macho ndo maana ukamzibia.

Chai Maharage: 😂😂😂 mtoa mada kaficha hazina ya Mjerumani

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada, mtu kanitukana mbele za watu

Kijana wa Tukuyu: Kaka mkubwa sogea kidogo, unatuzibia uzi

Mama Kijiko: 😂😂 eti. Ila nikiwa pale Isongole nilinunua viazi vizuri jamani

Baba Pacha: Viazi vizuri au lumbesa? Mimi nimekamatia gunia, juu viazi kama ngumi, nafika Dar namwaga chini, katikati ni gololi tupu na udongo.

Kijana wa Tukuyu: Lumbesa mnailaumu kwa mkulima kwani nani anaitaka kama sio nyie wanunuzi? Mnashindilia gunia mpaka linaota kichwa halafu mnalipa bei ya gunia moja.

Baba Pacha: Na udongo nao nilishindilia mimi?

Fundi Rejeta: Udongo wa kule una rutuba ya volkano, panda hapo hapo Dar

Mama Kijiko: Baba Pacha hizo gololi unaziuzaje, naomba debe moja za kukaanga na maganda yake