Mtu wa matangazo Mbeya ananihesabia laiki, mimi ninauza masweta!

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kuyaweka mambo kwa utaratibu ili mwenye duka dogo kama langu ayaelewe kabla hajatoa fedha yake.

Ninauza masweta na mablanketi mtandaoni. Mzigo ninautoa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na wateja wa Makambako, Njombe na Iringa ninawatumia kwa basi. Kwa kuwa baridi inayoanza Juni ndiyo msimu wangu, nilimkabidhi kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa masoko ya mtandaoni kazi ya kurusha matangazo ya kulipia Facebook na Instagram. Haukupita muda akanitumia picha ya skrini iliyokatwa: idadi ya watu waliofikiwa inaonekana vizuri, laiki zinaonekana, ila safu ya gharama kwa kila tokeo haipo kabisa. Chini yake ameandika, "Bosi, tangazo linatembea." Linatembea kwenda wapi, ikiwa simu ya oda imelala?

Nilipombana hadi akanionyesha akaunti ya matangazo, ambayo ni yake binafsi wala si ya duka, nilikuta amechagua lengo la kupata laiki na maoni badala ya ujumbe wa WhatsApp au mauzo. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, hukutafutia kile ulichokiomba. Ukiomba laiki, tangazo litapelekwa kwa watu wenye mazoea ya kugusa laiki na kupita zao. Eneo nalo aliliweka Tanzania nzima. Ndiyo maana chini ya picha ya sweta zito la shingo ndefu walijaa watu wa Dar es Salaam, mmoja akiuliza alivae wapi na joto lile. Maoni hayo yote yamehesabiwa kuwa mafanikio, na aliyeyalipia ni mimi.

Linaloniudhi kuliko yote ni hukumu za papo kwa papo. Leo anabadilisha picha, kesho walengwa, keshokutwa bajeti, halafu ananiambia kwamba watu wa Nyanda za Juu Kusini hawanunui mtandaoni! Meta wenyewe wanaeleza kwamba kundi la matangazo huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja tangu badiliko kubwa la mwisho ili mfumo umalize kujifunza nani wa kumwonyesha tangazo, na kwamba kila badiliko kubwa huurudisha mwanzo. Duka la bajeti ndogo halipati oda 50 kwa wiki, hilo halihitaji mjadala, na kwa sababu hiyohiyo mtu anayeijua kazi angeanza kwa kuomba ujumbe wa WhatsApp, ambao hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko oda, kisha angeuacha mfumo utulie wiki nzima bila kuugusagusa.

Hesabu yenyewe wala si ngumu. Sweta ninaliuza shilingi 25,000, nimelinunua 15,000, mfuko na kutuma kwa basi ni 3,000. Ninabaki na 7,000. Tangazo likila 50,000 na kuleta oda 5 zilizolipwa, kila oda imekula 10,000, kwa hiyo nimepata hasara ya 3,000 kwa kila sweta, hata kama picha imeonwa na mkoa mzima. Likileta oda 10, ninabaki na 2,000 kwa kila moja na tunaweza kuendelea kuzungumza. Tena mteja wa Njombe anaweza kuuliza bei leo akalipa mshahara ukiingia, na kwa sababu hiyo kila anayeniandikia ninamuuliza ametuona wapi na kuandika tarehe daftarini. Kazi hiyo ninaifanya mimi, wakati anayelipwa kuifanya ananitumia emoji za vikombe vya ushindi na makofi.

Sasa anataka niongeze fedha "tuliamshe tangazo". Siongezi hata senti kabla hajanipa ripoti isiyokatwa, yenye fedha iliyotumika, idadi ya waliotuandikia na gharama ya kila mmoja wao, na matangazo yajayo yatarushwa kutoka akaunti ya duka langu. Aliyepata mtu wa Mbeya au Iringa anayekubali masharti hayo, naomba aseme anamlipa kiasi gani kwa mwezi.