Naomba ushauri: seva ya barua pepe inakataa kompyuta za ofisini

Habari zenu wakuu. Nimekwama tangu juzi, naomba mnisaidie.

Nina Postfix (programu ya seva ya barua pepe) kwenye Ubuntu, IP 192.168.1.10, ya barua za ndani ya ofisi tu. Nikijaribu kuunganisha kwa telnet kwenye poti 25 (ya barua pepe) nikiwa kwenye seva yenyewe, inajibu vizuri. Nikijaribu kutoka kompyuta nyingine, inakataliwa papo hapo, wala haisubiri, na ndiyo maana sidhani kama ni waya au swichi. Ping inapita bila shida.

Kwenye ufw (firewall ya Ubuntu) nimefungua poti 25, kisha nikaizima ufw yenyewe kabisa kwa muda. Hali ni ileile. Kwenye main.cf (faili la mipangilio ya Postfix) nilikuta inet_interfaces = loopback-only, yaani isikilize ndani ya seva tu, nikaweka all, nikafanya postfix reload. Lakini ss -tlnp (amri ya kuona poti zinazosikiliza) bado inaonyesha 127.0.0.1:25, yaani anwani ya ndani ya seva yenyewe, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Je, reload inatosha kwa badiliko hilo, au lazima niizime Postfix na kuiwasha upya? Na kuna kitu kwenye master.cf (faili la huduma za Postfix) kinachoweza kuifunga kwenye 127.0.0.1? Watu wanasubiri barua zao, nitashukuru sana kwa msaada wowote.