Kibao cha York kinasema Wayahudi "walichagua" kufa: kiachwe au kiongezewe maneno?

Mpanda Treni (mleta mada)

Habarini wakuu. Juzi nilimpeleka mgeni wangu York, kaskazini mwa Uingereza. Kutoka Leeds ninakoishi ni kama nusu saa kwa treni. Tukafika kwenye mnara wa mawe unaoitwa Clifford's Tower, umekaa juu ya kilima cha udongo kama kofia iliyomzidi mtoto. Mgeni akapanda kupiga picha. Mimi goti langu limeshagombana na ngazi, nikabaki chini nasoma kibao.

Kibao kimewekwa 1978. Kwa tafsiri yangu kinasema hivi: usiku wa Ijumaa tarehe 16 Machi 1190, Wayahudi wapatao 150 wa York, wake kwa waume, waliokuwa wamekimbilia hifadhi katika ngome ya mfalme mahali hapo wakiwakimbia watu waliochochewa na Richard Malebisse na wenzake, walichagua kufa mmoja kwa mkono wa mwenzake kuliko kuikana dini yao.

Niliporudi nyumbani nikamtafuta William wa Newburgh, mtawa wa huko huko Yorkshire aliyeandika miaka michache tu baada ya tukio. Hawapendi Wayahudi hata kidogo, na hafichi. Lakini anasimulia jambo ambalo kibao hakina. Si wote waliojiua usiku ule. Kulipokucha walikuwepo waliobaki hai. Walisimama ukutani wakaeleza yaliyotokea ndani, wakaomba wabatizwe waachiwe roho zao. Malebisse, kabaila wa huko, na wenzake wakawaahidi salama. Wakatoka. Wakauawa hapo hapo nje, huku wengine bado wanaomba ubatizo.

Hao hawakuchagua kitu. Walidanganywa. Na kibao chenyewe kinaishia usiku, kana kwamba hakukupambazuka.

Hoja yangu: kibao kiongezewe maneno. Nawasilisha.

Mzee wa Hesabu

Mkuu, tatizo lenu mnaona dini kila mahali. Pale York palikuwa na deni. Ongeza herufi ubadilishe herufi, lakini deni si dini. Huyo Malebisse alikuwa anadaiwa na Aaron wa Lincoln, Myahudi, mkopeshaji mkubwa kuliko wote Uingereza nzima. Riba ya wakati ule ya kawaida ilikuwa peni 2 kwa kila pauni kwa wiki. Pauni moja ni peni 240. Piga: peni 104 kwa mwaka, yaani asilimia 43. Hapa kwetu tunaita kausha damu. Sisemi watu wauawe, lakini mwandike na hilo kwenye kibao, watu waelewe hasira ilitoka wapi.

Bint Mkunazini

Mzee wa Hesabu, shikamoo. Usiku wa kwanza kabisa wa vurugu, kabla watu hawajakimbilia ngomeni, walivunja nyumba ya Benedict wa York, mkopeshaji Myahudi. Mwenyewe alikuwa ameshakufa. Waliomkuta ni mjane na watoto wake. Wakawaua, wakapora, wakachoma paa. Mtoto alimkopesha nani?

Na huyo Benedict alikufaje? Tarehe 3 Septemba 1189 alikwenda Westminster na mwenzake Josce kupeleka zawadi siku ya kutawazwa Richard wa Kwanza. Wayahudi wakafukuzwa mlangoni, kipigo kikaanza. Benedict akajeruhiwa vibaya, akabatizwa kwa nguvu, akapewa jina William. Kesho yake mbele ya mfalme akasema mimi ni Benedict, Myahudi wa York. Akafa kwa majeraha njiani akirudi. Hapo deni liko wapi? Mfalme alikuwa anaondoka kwenda vita vya msalaba, nchi nzima imepandwa na jazba, na kina Malebisse wakaona upenyo.

Sasa nimgeukie mleta mada, maana naye simuungi mkono. Neno "walichagua" usiliguse. Waliosimamisha kibao kile si watu waliotaka kuwasafisha wauaji, Wayahudi wenyewe walikuwa na mkono wao. Kwa Wayahudi wa zama zile kufa kwa namna hiyo kuna jina, kidushi hashemu, kulitakasa Jina la Mungu. Mule mnarani alikuwemo Rabi Yom Tov wa Joigny, mwanachuoni aliyetoka Ufaransa. Yeye ndiye aliyewaambia wasisubiri kesho. Utenzi wake mmoja, Omnam Ken, mpaka leo unasomwa masinagogini usiku wa Yom Kipuri. Josce, yule mwenzake Benedict, alianza na mkewe Anna, kwa kisu. Wewe ukisema "walilazimika" unawanyang'anya kitu cha mwisho walichokuwa nacho.

Nimetembeza wageni Unguja kwa miaka sita, najua neno moja kwenye kibao linavyoweza kugombanisha watu. Halafu hukutaja mstari wa Kiebrania pale chini, wa Isaya 42:12, unaosema wamtukuze Bwana na kutangaza sifa zake visiwani. Niliposoma "visiwani" nilicheka peke yangu, maana kwetu Visiwani ni nyumbani. Kumbe marabi wa kale Uingereza nayo waliiita visiwa vya bahari.

Mpanda Treni

Bibie, nimekuelewa kuhusu heshima. Lakini sisemi walioamua wasitajwe. Nasema wale wa asubuhi nao ni watu. Kuna aliyeogopa kisu cha baba yake. Kuna aliyetaka kuishi tu. Huyo hana utenzi, na kwenye kibao hana mstari.

Mjukuu wa Karani

Ngoja niingie, maana Mzee wa Hesabu kapiga hesabu nusu.

Mkopeshaji Myahudi alikuwa anasimama kaunta, lakini mwenye duka alikuwa ndani, naye ni mfalme. Aaron wa Lincoln alipofariki 1186, Henry wa Pili alichukua kila kitu. Dhahabu na fedha zikapakiwa kupelekwa Ufaransa kugharamia vita, zikazama baharini mapema 1187. Yakabaki madeni, kama pauni 15,000, wadaiwa wapatao 430, wakiwemo makabaila na monasteri kubwa kubwa. Hazina ya mfalme ikalazimika kufungua dawati zima la kuyadai, wakaliita kwa Kilatini Scaccarium Aaronis. Kwa hiyo mwaka 1190 aliyekuwa anadaiwa na "Aaron" alikuwa anadaiwa na serikali. Ile asilimia 43 nayo iliishia huko huko kwa njia ya kodi, kila mfalme alipotaka.

Sasa angalieni walichofanya baada ya kuua. Hawakwenda kulala. Walitoka mnarani moja kwa moja mpaka kanisa kuu la York, maana hati za madeni zilikuwa zimehifadhiwa mle. Wakawalazimisha walinzi wazitoe, wakazichoma katikati ya kanisa, ndani! Mtu aliyeshikwa na jazba ya dini tupu hakumbuki makaratasi. Hapo Mzee ana hoja, simnyimi.

Serikali ilijifunza nini? Mwaka 1194 ikaja amri: miji mikubwa iwe na sanduku rasmi. Mkopo unaandikwa mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi, kisha kinakatwa. Nusu yenye muhuri wa mkopaji anabaki nayo Myahudi, nusu inaingia sandukuni. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu mbalimbali, Wakristo na Wayahudi, asiweze mmoja kulifungua peke yake. Babu yangu alikuwa karani wa ushirika wa pamba, angeusifu utaratibu huo. Lakini tazameni kinacholindwa. Ni hati. Watu 150 wamekufa, na aliyewekewa kufuli tatu ni karatasi.

Baharia

Mimi nilisikia kwa jamaa mmoja mjini hapo kwamba baada ya yale marabi waliilaani York, Myahudi asilale ndani ya kuta zake milele. Kweli au soga?

Mjukuu wa Karani

Soga tamu, ila ni soga. Hakuna andiko la zama zile lenye marufuku hiyo, na maisha yenyewe yanaikataa. Haikupita hata miaka mingi Wayahudi wakarudi York. Katikati ya karne ya 13 jumuiya ile ilikuwa miongoni mwa tajiri kabisa nchini. Aaron wa York alikuwa mkuu wa Wayahudi wote wa Uingereza kuanzia 1236, naye Henry wa Tatu akamkamua kodi mpaka akafa fukara 1268. Makaburi yao yalikuwa nje ya ukuta, mahali panapoitwa Jewbury mpaka leo. Wanaakiolojia walipachimba miaka ya 1982 na 1983 kabla ya ujenzi wa duka kubwa, wakakuta mifupa ya karibu watu 500. Ikazikwa upya 1984 kwa sala za Kiyahudi.

Kilichowamaliza York si laana. Ni amri ya Edward wa Kwanza ya tarehe 18 Julai 1290, Wayahudi wote watoke Uingereza. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1650.

Mzee wa Hesabu

Kama Amin na Wahindi 1972, siku 90.

Bint Mkunazini

Mzee, usiruke uzio. Hao wa Uganda walifukuzwa wakiwa na biashara zao. Hawa wa 1290 walikuwa wameshakamuliwa hawana kitu, na tangu 1275 sheria ilikuwa imewakataza hata hiyo riba. Mfalme alimfukuza ng'ombe baada ya maziwa kukauka. Turudi kwenye kibao.

Fundi Mawe

Nami niulize kitu cha kazi yangu. Huo mnara wa mawe aliopanda mgeni si ndio walimofia? Maana watu wanaugusa na kulia.

Mpanda Treni

Hapana, fundi. Ule wa 1190 ulikuwa wa mbao, ukaungua usiku ule ule. Wa mawe ulijengwa kuanzia 1245, enzi za Henry wa Tatu. Kilima ndicho kile kile. Machi kinajaa maua ya manjano yaitwayo dafodili, yalipandwa makusudi kwa kumbukumbu kwa sababu ua lina petali sita kama nyota ya Daudi. Watalii wengi wanadhani ni mapambo ya jiji.

Kwa kweli hicho kilima kimeshaleta ugomvi mkubwa kuliko huu wetu. Shirika linalotunza majengo ya kale, English Heritage, lilitaka kujenga kituo cha wageni pale chini, kikichimbwa kuingia kilimani. Halmashauri ikapitisha 2016, wenyeji wakachachamaa, kesi ikafika mahakamani, shirika likashinda kesi, halafu 2018 likaachana na mpango. Badala yake wakajenga ndani ya mnara wenyewe, jukwaa la mbao juu kabisa, likafunguliwa 2022. Ndipo mgeni wangu aliposimama kupiga picha ya mji. Hakujua lolote mpaka aliposhuka. Sikumlaumu, maana kibao kiko chini na macho ya watu yako juu.

Fundi Mawe

Basi mimi naona hivi. Jiwe lililochongwa halichongwi upya, unalipasua. Wekeni la pili pembeni. Bint abaki na "walichagua" yake, mleta mada apate asubuhi yake.

Bint Mkunazini

Kwa jiwe la pili naridhia. Ila liandikwe jina la sherifu pia, John Marshall, liwali wa mfalme katika mkoa ule. Maana kibao kinataja kundi la watu kama vile serikali ilikuwa safarini. Wayahudi walikimbilia ngomeni kwa sababu wao ni watu wa mfalme kisheria, na kamanda wa ngome akawapokea. Siku moja kamanda katoka kwa shughuli zake, wao wakaingiwa na hofu kuwa anakwenda kuwauza, aliporudi wakamfungia nje. Akaenda kushtaki kwa sherifu. Sherifu akapandwa na hasira, akaamuru mnara ushambuliwe. Baadaye akajuta, akataka kuizuia amri. Nani angemsikiliza tena? Mitambo ya kuvunjia kuta ilikuwa imeshaletwa.

Na kulikuwa na mtawa mmoja amevaa nguo nyeupe, wa shirika la Premontre, kila asubuhi anasomesha misa halafu anakwenda mstari wa mbele kuwapandisha watu mori. Jiwe likadondoshwa toka juu likamuua. Kwa upande wa washambuliaji, Newburgh hamtaji mwingine aliyekufa.

Mzee wa Hesabu

Haya, mmenipunguzia spidi, nakubali mjane wa Benedict hakuniingia kwenye hesabu. Nina swali moja tu. Wangapi walinyongwa?

Mjukuu wa Karani

Hata mmoja. Kansela wa mfalme, William Longchamp, alipanda kaskazini na askari mwezi Mei. Sherifu akavuliwa cheo pamoja na kamanda wa ngome, na nafasi ya sherifu akapewa ndugu yake kansela. Wenye nyumba zao mjini wakatozwa faini, mwenye nacho zaidi akatoa zaidi. Wakuu wenyewe walikuwa wameshakimbia, wengine Uskoti.

Mzee wa Hesabu

Na Malebisse?

Mjukuu wa Karani

Mashamba yake yalitaifishwa, akalipa, akarudishiwa. Newburgh alilifanyia mzaha jina lake, akasema mnyama mbaya kwa jina na kwa tabia. Mwaka 1198 Malebisse akaanzisha monasteri huko Lincolnshire, iliitwa Newbo. Aliwakabidhi watawa wa Premontre, wale wa nguo nyeupe.