Tupeane uzoefu: kitabu au programu gani ilimsaidia kweli mwanafunzi wako mwenye mahitaji tofauti?

Mama_Msomaji

Habarini wadau. Naomba hapa tuweke uzoefu wetu wenyewe, siyo matangazo. Kila ukiuliza "programu gani nzuri kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu" unamwagiwa majina kibao, wala hakuna anayekuuliza huyo mtoto anakwamia wapi. Anayechanganya herufi, asiyeona, asiyesikia na asiyeongea wote tunawaweka kapu moja, wakati kinachomfungulia mmoja njia hakimsaidii mwenzake hata kidogo. Kwa hiyo ukichangia, tuambie kwanza mwanafunzi alikuwa anakwama wapi hasa, ndipo utuambie ulitumia nini. Na ambacho hakikusaidia pia kiseme.

Naanza mimi. Binti yangu ana disleksia, yaani shida ya kusoma maneno isiyotokana na akili wala uvivu. Haikugundulika mapema kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishazijua silabi unaweza kulitamka neno lolote. Kwenye lugha za namna hii mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana, tatizo lake ni kusoma polepole mno. Ndivyo alivyokuwa. Akikutana na "alipowapeleka" analipanda silabi kwa silabi, a-li-po-wa-pe-le-ka, anafika mwisho bila kosa, lakini sentensi ilikoanzia ameshasahau. Akaitwa mvivu. Mtoto anayetoka jasho kwenye ukurasa mmoja anaitwa mvivu! Hilo bado linaniuma.

Kilichomsaidia zaidi ni programu inayosoma kwa sauti huku neno linalosomwa likiwekewa rangi. Jicho na sikio vinakwenda pamoja, na akili inabaki na nafasi ya kufuata hadithi. Pili ni kuongeza nafasi kati ya herufi na kati ya mistari, kitu ambacho programu nyingi za kusomea zinacho kwenye mipangilio na watu hawakigusi. Kuhusu fonti, ipo ya bure inayoitwa OpenDyslexic, ilitoka mwaka 2011. Tafiti hazijaonyesha wazi kwamba umbo la herufi zake linaongeza kasi ya kusoma. Nafasi kati ya herufi ndiyo yenye ushahidi wa maana. Binti yangu anaipenda, nimemwachia. Ila usikubali kuuziwa kitabu ghali eti kwa sababu ya fonti.

Kwa vitabu vya karatasi natumia penseli mbili za rangi. Shina la kitenzi napigia mstari mwekundu, viambishi vya mbele bluu. Kwenye "alipowapeleka" jicho lake linaishika "peleka" kwanza, kisha anarudi kuchukua nani, lini na kina nani. Vitenzi vyetu ni virefu, na mtoto hahitaji kuvihesabu silabi zote kama vile zina uzito sawa. Hili sijaliona kwenye programu yoyote ya Kiswahili, na natamani mtu alitengeneze.

Vidole_Sita

Asante mama kwa kuanzisha. Mimi sioni tangu utotoni, sasa niko chuo. Nakwamia kwenye jambo moja kubwa: vitabu vilivyoskaniwa. Mhadhiri anatuma PDF, wenzangu wanaanza kusoma, mimi kisoma skrini changu, yaani programu inayonisomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, kinakuta picha tupu. Kwa macho ukurasa umejaa maneno, kwa mashine hakuna hata herufi moja. Inabidi nipitishe kila ukurasa kwenye programu ya kutambua maandishi, na ikiwa aliyeskani alipindisha kitabu, zile safu mbili za maandishi zinachanganyika kuwa moja. Walimu mnaosoma hapa, kama faili mliliandika wenyewe kwenye kompyuta, tutumieni hilo hilo la asili lenye vichwa vya habari vilivyowekwa vizuri. Hiyo peke yake inaniokolea usiku mzima.

Kwenye kompyuta natumia kisoma skrini kinachoitwa NVDA. Ni ya bure, ilianza mwaka 2006 kwa mikono ya kijana wa Australia ambaye naye haoni, na hilo linajionyesha jinsi ilivyo nyepesi kutumia. Kuna jambo muhimu hapa: badilisheni sauti. Ukiacha sauti ya Kiingereza isome Kiswahili, "pole" na "pale" zinatoka kama maneno ya Kiingereza na mtoto haelewi chochote. Sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, inakuja humo humo. Ni kavu, haina uhai, lakini inatamka silabi zetu sawasawa, na sikio linaizoea upesi.

Sasa niseme jambo ambalo najua baadhi hawatalipenda. Msimwachie mtoto asiyeona sauti peke yake. Siku hizi unasikia "nukta nundu imepitwa na wakati, simu inasoma yenyewe". Nukta nundu ni maandishi ya nukta zilizoinuka, yanayosomwa kwa vidole. Mtoto aliyelelewa kwa sauti tu hajui neno linaandikwaje, hajui aya inaanzia wapi, hajawahi kukutana na alama ya mkato. Kusikiliza ni kusomewa. Nukta nundu ndiyo kusoma. Louis Braille alikuwa mwanafunzi wa miaka 15 alipoupata mfumo huu mwaka 1824, na hadi leo nukta sita zile zile zinatosha kwa hesabu, muziki na lugha. Teknolojia haikuziua, imezisambaza: TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, ina kibodi ya nukta nundu tangu 2020, unaishika simu kwa kuilaza upande na kuandika kwa vidole sita. Ndiko jina langu la humu lilikotoka.

Na mkienda maktaba ulizeni kuhusu Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013. Katika nchi zilizojiunga, taasisi zinazotambuliwa zinaruhusiwa kutengeneza nakala za nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine. Na hauwahusu wasioona peke yao. Mama_Msomaji, binti yako naye anaingia humo, kwa sababu unataja hata wenye ulemavu wa kusoma.

Mama_Msomaji

Hilo la binti yangu kuingia kwenye mkataba sikulijua kabisa. Asante sana mdogo wangu.

Mwalimu_wa_Alama

Nafundisha watoto viziwi. Kosa ninaloliona kila mahali ni kudhani kwamba kiziwi ukimpa maandishi umemaliza, kwa sababu macho anayo. Mtoto aliyezaliwa haisikii lugha ya mazungumzo anakutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye karatasi. Lugha yake ni ya alama, yenye sarufi yake, na haifuati mpangilio wa maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo video yenye maandishi chini kwake ni video ya lugha ya kigeni yenye maandishi ya lugha ya kigeni.

Vitabu vinavyofanya kazi darasani kwangu vina vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja: picha, sentensi fupi, na video ya mtu anayeisema sentensi hiyo nzima kwa alama. Nasisitiza nzima. Ukimwonyesha alama ya neno moja moja, anakariri maneno na hadithi haipo. Tunatengeneza wenyewe kwa Bloom, programu ya bure ya kutengenezea vitabu, ambayo inakuruhusu kuweka video ya alama kwenye ukurasa. Anayerekodiwa asimame mbele ya ukuta usio na mapambo, avae nguo isiyofanana na rangi ya ngozi yake, na uso uonekane wote. Uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikikatwa na kamera, swali linageuka taarifa.

Tena angalieni sana programu za kufundisha alama mnazopakua. Nyingi ni za lugha ya alama ya Marekani. Lugha za alama ni nyingi duniani na hazifanani, kwa hiyo mtoto anajifunza alama ambazo viziwi wa kwao hawazitumii, na mzazi anadhani wanaelewana.

Kwa aliyepoteza usikivu akiwa tayari anajua kusoma, hali ni tofauti kabisa. Huyo mpe programu inayogeuza maneno ya mwalimu kuwa maandishi papo hapo. Ile ya Google, Live Transcribe, ilitoka mwaka 2019 kwa kushirikiana na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Marekani. Simu ikae mezani karibu na anayeongea, siyo mfukoni mwa mwanafunzi aliyekaa nyuma.

Baba_Wawili

Mwanangu ana usonji na haongei. Alikuwa anakwama kwenye kueleza anachotaka, basi kila kitu kiliishia kwenye kilio na kujipiga. Tulianza na picha za karatasi: anakupa picha, unampa kitu. Picha tulizitoa ARASAAC, hazina ya michoro ya bure kutoka Aragon, Hispania, ina maelfu ya michoro iliyo wazi na unaweza kuchapa ukubwa unaotaka. Baadaye tukahamia kwenye tableti yenye programu ya mbao za picha. Sisi tunatumia Cboard, nayo ni ya bure, mtoto akigusa picha tableti inatamka.

Mama_Msomaji

Baba, samahani kukukatiza. Hukuogopa kwamba akizoea tableti hataongea kabisa? Nimeambiwa hivyo na watu wengi kuhusu mtoto wa dada yangu.

Baba_Wawili

Niliogopa, mama, na ndugu walinitisha. Lakini tafiti zilizokusanywa kuhusu jambo hili zinaonyesha picha na vifaa vya kuongelea havimzuii mtoto kuongea, na baadhi yao maneno yanaongezeka. Mwambie dada yako asisubiri. Mtoto anayesubiri "aongee kwanza" anaishi miaka hiyo yote bila njia ya kusema tumbo linamuuma.

Jambo ambalo hakuna programu inayokueleza: lazima wewe mzazi uiongee lugha ya picha. Nilikuwa nasema "twende nje" huku nagusa *twende*, *nje* kwenye tableti yake, bila kumwomba arudie. Wiki nyingi hakugusa kitu, alikuwa akitazama tu. Kisha siku moja namkata kucha, akavuta tableti akagusa *acha*. Nikaacha hapo hapo, mkasi mkononi, kucha nusu hazijakatwa. Mke wangu akaniuliza mbona sijamaliza. Nikamwambia ameniambia niache. Kama neno lake la kwanza lisingeheshimiwa, la pili angelisema kwa nini?

Ndiyo maana nasema wekeni *acha*, *sitaki*, *bado* na *nisaidie* kwenye ukurasa wa kwanza. Watu wanajaza majina ya wanyama na rangi. Mtoto haombi twiga.

Na tableti ya kuongelea isiwe na michezo, na isichukuliwe kama adhabu hata afanye nini. Ukiichukua umemnyamazisha.

Dada_Mkubwa

Nimelia hapo kwenye *acha*.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Kuelewa anaelewa kila kitu, mikono ndiyo haimtii. Anakwama kufungua ukurasa. Tunakata vipande vidogo vya sponji tunavibandika kwenye kona ya kila ukurasa, kurasa zinaachana, anasukuma kwa kiganja. Vitabu vya karatasi nene ndivyo bora. Kwenye simu kuna mpangilio wa kutumia kitufe kimoja cha nje: skrini inapitia vitu kimoja kimoja, anabonyeza kikifika anachotaka. Punguzeni kasi ya kupitia, ile ya mwanzo ni ya haraka mno kwa mkono wake.

Uoni_Hafifu

Kwa wenye uoni hafifu: kukuza kitabu kwa mashine ya fotokopi siyo maandishi makubwa. Herufi zinapata ukungu, na karatasi inakuwa kubwa hadi haikai mezani. Andika upya kwa ukubwa wa pointi 18 au zaidi, fonti isiyo na mapambo, usiweke maandishi juu ya picha. Na jaribuni kugeuza rangi, maandishi meupe kwenye weusi. Wengine wanapumua, wengine inawaumiza. Mwulizeni mwenyewe.

Hesabu_Ni_Nyingi

Kuna mwenye uzoefu wa diskalkulia, ile shida ya kuelewa namba? Mwanangu wa miaka tisa, kila programu ya hesabu ina saa inayokimbia, anatetemeka.

Mwalimu_wa_Alama

Zima saa, na kama haizimiki ifute programu. Anayekwama kwenye namba anahitaji kuishika kwanza: shanga, vifuniko, vijiti vya kumi kumi. Kisha mchoro wa vitu hivyo hivyo, kisha ndipo alama ya namba. Programu nyingi zinaanzia kwenye alama. Tafuta inayomruhusu kusogeza vitu kwa kidole na kuvipanga makundi, isiyompa alama za kushinda wala kushindwa.

Hesabu_Ni_Nyingi

Asante mwalimu. Leo leo naifuta.

Natafuta_Njia

Swali kwa Vidole_Sita na Mama_Msomaji. Intaneti yetu inakatika kila mara. Hizo sauti zinafanya kazi bila mtandao?

Vidole_Sita

NVDA na eSpeak NG hazihitaji mtandao kabisa ukishaziweka. Kwenye simu ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kubadilisha maandishi kuwa sauti, pakua data ya sauti ya Kiswahili mtandao ukiwepo, kisha weka simu kwenye hali ya ndege ujaribu kabla hujampa mtoto. Ikinyamaza, jua ile sauti ilikuwa inategemea mtandao, chagua nyingine. Vitabu navyo vipakue kwa muundo wa EPUB kama upo. Ni vyepesi kuliko PDF na unaweza kuongeza ukubwa wa herufi bila mistari kukatika.