Hosta za majani ya rangi mbili: Patriot, June au Great Expectations?

BintiMwanza
Habari za jioni wakuu. Nataka kupanda hosta, ile mimea ya kivulini inayopandwa kwa uzuri wa majani, zile za rangi mbili, mbele ya nyumba. Kitalu cha karibu wana aina tatu: Patriot (kijani kilichoiva, ukingo mweupe) dola 16, June (njano katikati, ukingo wa kijani cha bluu) dola 20, na Great Expectations dola 38. Kwa macho, hiyo ya mwisho imeniteka kabisa. Jumamosi nakwenda kununua. Nichukue ipi? Naomba kuwasilisha.

MzeeKoleo
Mwanangu, umetaja bei ukasahau ardhi. Uko nchi gani, jimbo gani? Nyumba inatazama wapi? Jua linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi? Kuna mti karibu? Kulungu wanapita? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

Kivuli_Leicester
Na mbwa au paka unao? Hosta ina saponini. Mbwa akiitafuna atatapika na kuharisha, na dukani hawakuambii.

Fundi_Columbus
Patriot, wala hakuna haja ya mjadala. Ilikuwa Hosta ya Mwaka 1997 hapa Marekani na mpaka leo inauzwa kila kona. Imetoka kwa hosta nyingine, Francee, chipukizi lililogeuka likawa na ukingo mpana zaidi. Ni ngumu, inajaa upesi, na ule weupe unauona hata ukirudi kazini jioni.

BintiMwanza
Shikamoo mzee, samahani kwa kukatisha habari. Niko Minnesota, karibu na St. Paul. Mbele ya nyumba ni mashariki, jua linapiga tangu asubuhi mpaka kama saa tano, baada ya hapo ni kivuli. Kushoto kuna mti mkubwa wa mepo, ule wa jani la bendera ya Kanada. Kulungu wanaonekana kwa jirani. Mbwa hatuna, ila nina watoto wadogo.

MzeeKoleo
Marahaba. Hapo sasa tunaongea. Baridi ya Minnesota si tatizo, hosta inalala chini ya theluji na kuamka salama. Mashariki pia umepata. Jua la asubuhi halina ukali, la alasiri ndilo linalochoma sehemu nyeupe, maana hazina klorofili, ule ukijani unaolisha mmea, na zikishaungua zinabaki na kahawia mpaka majani yaanguke.

Katika hizi za rangi mbili, angalia kwanza rangi nyepesi imekaa wapi. Ikiwa ukingoni, kama Patriot, katikati panabaki kijani kingi cha kulisha mmea, nao unakua vizuri. Ikiwa katikati, mmea mzima unalishwa na ukanda wa pembeni tu. Ndiyo maana Great Expectations inawatoa watu machozi. Inaweza kukaa miaka bila kuongeza hata chipukizi, na ikipandwa kwenye udongo mzito unaotuamisha maji inarudi nyuma mpaka inapotea. Wanaoiweza wanaipa mboji nyingi, shimo pana na utulivu, hawaihamishi-hamishi. Dola 38 ni nyingi kwa mmea wa kuanzia.

Mepo nayo ina mizizi ya juu juu, itakunywa kila tone. Hosta inahitaji kama sentimita 2.5 za maji kwa wiki. Kaa mbali na shina la mti, au upande kwenye vyungu vikubwa upande huo.

DadaWaBloomington
Mzee umeikwepa June na ndiyo bora kuliko zote tatu! Ni Hosta ya Mwaka 2001. Ilitokana na Halcyon, ile ya bluu, huko Uingereza ilipokuwa inazalishwa maabara. Njano yake bado ina klorofili, kwa hiyo haidumai kama zile zenye weupe mtupu katikati. Na inabadilika. Mwezi wa tano inapofunguka katikati ni njano kali, na kati ya njano na ukingo kuna michirizi ya kijani chepesi isiyolingana jani kwa jani. Kufikia Agosti, iliyo kivulini imegeuka kijani-njano, na ile inayopata jua la asubuhi bado inang'aa. Halafu jani lake ni nene, koa wanalipita wanakwenda kula Patriot ya Fundi.

Fundi_Columbus
Patriot yangu haina tundu hata moja. Bia kwenye kisahani, kila jioni.

Kivuli_Leicester
Bia inawaita mpaka koa wa jirani. Huku kwetu mvua haikatiki na koa ni wengi kupita maelezo. Kinachofanya kazi ni punje za fosfati ya chuma, unazitawanya mapema, ncha zinapoanza kuchomoza ardhini, usingoje matundu. Zile punje za metaldehidi zilipigwa marufuku Uingereza tangu 2022 kwa sababu zinadhuru wanyama wengine na ndege. Kwako Binti, mwenye watoto, usiziguse.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko koa, na naliandika kwa urefu kwa sababu sitaki limkute mwingine. Kuna kitalu kimoja, jina naliacha. Mwisho wa msimu waliweka meza ya nusu bei, na hapo nikaona hosta ya njano yenye kijani kilichosambaa kwenye mishipa ya jani kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Muuzaji akasema ni aina mpya, adimu. Nikaipanda katikati ya Francee zangu. Masika yaliyofuata nikagawa mashina kwa kisu, mengine nikampelekea dada yangu Coventry.

Mwaka uliofuata Francee zikaanza kubadilika. Ukipapasa jani, sehemu moja ni nene, inayofuata imebonyea na kukunjamana. Nikanunua kipimo, majibu yakaja: HVX, yaani virusi X vya hosta. Vilitambuliwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1996, na mpaka leo havina dawa. Havienezwi na mdudu, vinabebwa na utomvu: kisu, mkasi, mikono. Nikang'oa tuta zima. Dada naye akang'oa zake, pamoja na ile aliyoachiwa na mama mkwe wake, ambayo haiuzwi popote. Niliporudi pale kitaluni wakaniambia muda wa risiti umepita, na juu ya meza ileile mimea ya namna ileile ilikuwa inauzwa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo Binti, Jumamosi usitazame bei wala jina kwanza. Geuza kila jani. Rangi za Patriot zinatakiwa ziwe na mipaka safi, na ile michirizi ya June kati ya njano na ukingo ni ya kawaida. Ukiona kijani kinavuja kufuata mishipa, ondoka. Zamani hata aina kama Breakdance na Leopard Frog ziliuzwa kwa uzuri wa mabaka yake, kumbe ni virusi vitupu. Na ukija kugawa, chovya kisu kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kabla ya kuhamia shina jingine.

DadaWaBloomington
Pole sana. Ya mama mkwe ndiyo imenigusa.

MzeeKoleo
Kivuli umesema kweli tupu. Niongeze tu kwamba si kila kinachobadilika ni ugonjwa. Patriot ikitoa chipukizi la kijani kitupu, imerudi kwenye asili tu. Likate mapema kutoka chini pamoja na kipande chake cha mzizi, kwa sababu kijani kina nguvu kuliko rangi mbili, ukiliacha litaumeza mmea wote.

LimuruBaridi
Hamjambo. Niko Limuru, huku kwetu Julai ni sweta na makaa. Shangazi anarudi kutoka Boston, anaweza kuniletea mizizi ya June?

MzeeKoleo
Hatujambo. Baridi ya Limuru ni ya binadamu, kwa hosta haitoshi. Inataka kulala kwa wiki sita au zaidi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5, mfululizo. Bila usingizi huo inaota ikiwa dhaifu, kila mwaka ndogo zaidi, mpaka inakwisha. Na mzizi wenye udongo kuingia nchini bila kibali cha afya ya mimea si jambo la kumtwisha shangazi. Chukua klorofitamu, ile ya mistari myeupe inayoning'inia vyunguni. Ni ya Afrika, inapenda kivuli, na mistari unayoitaka ipo.

LimuruBaridi
Hiyo hata kwa dobi iko, mzee. Nataka jani pana. Je, nikiiweka kwenye friji?

Fundi_Columbus
Wapo wa sehemu za joto wanaofanya hivyo. Mzizi unaingia friji ukiwa umelala, bila matunda humo ndani.

MamaTukuyu_Malmö
Nyie mnahangaika na koa na friji, Wajapani wanaila! Chipukizi changa za masika wanaziita urui, wanazichemsha kidogo au kuzikaanga. Mimi nimezipika na kitunguu na karanga, zina utelezi kwa mbali, nzuri na ugali.

Kivuli_Leicester
Mama, si umesikia habari ya saponini?

MamaTukuyu_Malmö
Hiyo ni ya mbwa na paka. Watu wa Japani wanaila miaka yote. Ila isiwe imepuliziwa dawa, na ya kitaluni usile mwaka wa kwanza.

BintiMwanza
Asanteni wote. Naegemea Patriot mbili na June moja, ingawa Great Expectations bado haijanitoka moyoni. Kulungu mmewasahau lakini.

DadaWaBloomington
Geuza idadi, June mbili! Kulungu wanazipenda zote sawa, wanakata jani wanaacha vijiti. Kuna dawa ya kunyunyiza ya mayai yaliyooza, unarudia kila mvua ikinyesha. Uzio ndio uhakika.

Fundi_Columbus
Patriot tatu. Mama Tukuyu, karanga unaziweka mwanzo au mwisho?