Naomba ushauri: leukovorini imeisha, duka wanatupa foliki asidi

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko Moshi, anachomwa sindano za methotreksati kwa saratani iliyoanzia kwenye mimba zabibu. Kesho yake baada ya kila sindano humeza leukovorini miligramu 15, ili mdomo usichubuke na damu isishuke.

Safari hii hospitali imeishiwa. Duka la mtaani wakatupa foliki asidi, vile vidonge vidogo vya njano vya wajawazito, eti ni kitu kilekile. Nimegoma. Methotreksati hufunga kimeng'enya ambacho foliki asidi inakihitaji ili ifanye kazi mwilini, leukovorini haikihitaji. Na hiyo leukovorini ukiiwahisha mno, unaikinga hata saratani yenyewe.

Kwa Moshi au Arusha, nani kaiona leukovorini dukani na ni bei gani? Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, arudie? Mama naye anataka kumpa diklofenaki ya mgongo, nimeificha kwanza (si mnawajua wamama na diklofenaki), maana inaweza kuchelewesha figo kuitoa methotreksati.

Daktari nimempigia, hajapokea bado, na kidonge kinatakiwa kesho saa mbili usiku. Wauguzi na wafamasia, nisaidieni.